UZI: Kaunta buku ya wakala wa mobile money ina jina lako, simu yako na NIN yako. Nani anailinda?

Mama_Floti (mwanzisha uzi)

Habari za jukwaani ndugu zangu. Mi ni wakala wa mobile money hapa Kampala, kibanda kiko upande wa Kisenyi, wateja wangu ni Wasomali, Wakongo, madereva wa malori ya Mombasa na vijana wa boda, kwa hiyo Kiswahili nakiongea asubuhi mpaka jioni. Kuna jambo linanisumbua, naomba tulijadili vizuri bila matusi.

Kila aliyewahi kutoa pesa Uganda hii anaijua ile kaunta buku. Kuna sehemu ya tarehe, jina, namba ya simu, NIN (namba ya kitambulisho cha taifa), kiasi, ametoa au ameweka, halafu sahihi. Mteja anaandikwa chini ya mwenzake aliyemtangulia, na akiinama kusaini anaona ukurasa mzima, yaani nani katoa laki tano saa nne asubuhi, nani kaweka milioni mbili, anaitwa nani na anapatikana kwa namba gani. Yangu iko mezani wazi, imefungwa kamba kwenye msumari isiibiwe (na peni pia imefungwa, si mnajijua).

Sasa mwezi uliopita kuna mteja wangu, mzee wa duka la vipuri, kanunua karanga barabarani, kamaliza kula akaikunjua ile karatasi, kumbe ni ukurasa wa kaunta buku ya wakala! Majina yamejaa juu mpaka chini, NIN zimeandikwa kwa mwandiko safi kabisa, na mmoja wao ni jirani yake wa duka. Akaja nayo mbio kwangu akidhani ni yangu. Mwandiko haukuwa wangu wala wa kijana wangu wa zamu, lakini na mimi chini ya meza nina rundo la buku za miaka na miaka, sijui nizipeleke wapi.

Swali langu ni hili, ile sheria ya data ya 2019 inanihusu mimi mwenye kibanda cha bati au ni ya akina Google na mabenki? Na kama inanihusu mbona hakuna aliyewahi kuja kuniambia?

Dada_wa_Ntinda

Mama asante kwa huu uzi. Mi nimepigiwa simu usiku na mwanaume simjui, ananitaja majina yangu yote mawili kama yalivyo kwenye kitambulisho, anasema "nilikuwa nyuma yako pale kwa wakala, nikaona unaandika jina zuri". Kaniambia mpaka hela niliyoweka. Nikamblock akaja na laini nyingine. Tangu siku hiyo nikifika kwa wakala yeyote namba ya simu naandika ya uongo, nabadilisha tarakimu mbili za mwisho, na wasichana wengi ninaowajua wanafanya hivo hivo. Kwa hiyo hizo buku zenu msizione zimejaa mkadhani zimejaa ukweli.

Mama_Floti

Dada pole sana, lakini hapo mnatuua sisi. Wewe ukiandika uongo na kesho mtu akadai pesa yake imetolewa na mwingine, mi ndo nabaki nimeshika bomba.

Bosi_Kikuubo

Nyie watu bwana. Mtu anamposti mtoto wake TikTok tangu akiwa tumboni, anaweka picha ya gari na namba yake ya plate, anaweka "niko Entebbe nasafiri" ili wezi wajue nyumba iko tupu, halafu analia eti kaunta buku ya wakala. Mi sina cha kuficha. Wakitaka NIN yangu waichukue, wataifanyia nini, wataenda kunilipia kodi?

Wakili_Mwanafunzi

Bosi hiyo nitakurudia. Kwanza nimjibu mama (mimi sio wakili kamili bado nasoma, hili mlijue).

Mama, sheria inakuhusu. Data Protection and Privacy Act ilitiwa sahihi na Rais Februari 2019, kanuni zake zikatoka 2021, na ofisi inayosimamia inaitwa PDPO, iko chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Inamhusu mtu yeyote, taasisi yoyote na chombo cha umma kinachokusanya au kushikilia data za watu ndani ya Uganda, haijasema lazima uwe na kompyuta. Inataka ukusanye kile tu unachohitaji, umwambie mwenyewe unakichukua cha nini, ukilinde, na usikae nacho kupita muda unaohitajika. Ukitoa data ya mtu kinyume na sheria, jela ni mpaka miaka 10. Kampuni yenyewe inaweza kuambiwa ilipe mpaka asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka.

Na Google kweli imo. Julai 2025 PDPO ilitoa uamuzi kwamba Google ilikuwa inakusanya data za Waganda bila kujisajili kwao, ikapewa siku 30 ijisajili. Kwa hiyo kwenye karatasi wewe na Google mko chini ya sheria moja, tofauti ni kwamba Google ina jengo zima la mawakili na wewe una kijana wa zamu.

Sasa Bosi. Chukua kitambulisho chako hapo mfukoni uangalie NIN. Ina herufi na tarakimu 14. Ya kwanza C maana yake raia, ya pili M au F ni mwanaume au mwanamke, mbili zinazofuata ni mwaka uliozaliwa. Kwa hiyo anayesoma ile buku hahitaji seva wala udukuzi, anajua wewe ni nani, jinsia yako, umri wako, simu yako na hela uliyobeba dakika hiyo unapotoka kwenye kibanda.

Dada_wa_Ntinda

SUBIRI. Kumbe ndo maana yule mjinga alinambia "sisi wa mwaka mmoja"!! Nilikaa nikijiuliza nani wa ofisini kwetu kampa umri wangu, nimewashuku watu bure.

Bosi_Kikuubo

Sawa hiyo ya mwaka sikuijua, nakubali ni mbaya hasa kwa mtu anayetoka na hela. Lakini mnapinga kitambulisho chenyewe au mnapinga kaunta buku? Maana mimi nakumbuka kabla vitambulisho havijaja 2014 mtu alikuwa anakuja dukani anachukua mzigo kwa mkopo jina lingine, kesho jina lingine. Na simu, kabla hawajatulazimisha kusajili laini kwa NIN 2017, matapeli walikuwa wanatupa laini kama maganda ya ndizi.

Fundi_Simu

Na baada ya 2017 matapeli wameisha? 😂 Mi natengeneza simu hapa mjini, nauliza tu.

Mzee_Bombo

Nimesoma yote. Vijana mnaongea kuhusu kuibiwa data, mi naomba niseme kuhusu kunyimwa haki kwa sababu ya data, maana huko vijijini hiyo ndo iko.

Serikali ina ile pesa ya wazee, SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, kwa sasa ni ya waliofika miaka 80. Umri wanauangalia kwenye kitambulisho. Mama yangu mdogo alikuwa msichana mkubwa anabeba watoto wa wenzake wakati mimi nazaliwa, na mimi ni wa 1949. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1952. Aliyemuandikisha alimuuliza umezaliwa lini, akajibu hajui, yule kijana akatazama uso akakisia akaandika. Sasa kwa kompyuta mama yangu mdogo ni mdogo wangu. Tumekwenda kurekebisha, wanataka cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo (sisi Waislamu), barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), kiapo cha mwanasheria, na kila safari ni boda na chakula na kulala. Hela tuliyotumia kutafuta hiyo 25,000 ni ya miezi mingapi sitaki hata kuhesabu.

Na wako wenzake ambao tarehe iko sawa lakini vidole havisomeki. Mtu kalima kwa jembe maisha yake yote, vidole vimekuwa laini kama kioo, mashine inasema huyu sio yeye. Mwaka 2021 mashirika matatu, ISER, Unwanted Witness na wale wa chuo cha New York, walitoa ripoti ndefu juu ya hili, wakasema mpaka theluthi moja ya watu wazima Uganda wanaweza kuwa hawana hicho kitambulisho, na wakaeleza wanawake wajawazito wanavyorudishwa kwenye vituo vya afya. Hilo sio jambo la TikTok, Bosi.

Bosi_Kikuubo

Shikamoo mzee. Hilo nimelisikia.

Mzee_Bombo

Marahaba.

Nakivale_Basecamp

Mzee umesema kweli kabisa. Mimi ni Mkongo, niko Nakivale kwenye makazi ya wakimbizi, niruhusuni niseme kidogo ya kwetu maana Waganda mnalalamika mlipewa kitambulisho kibaya, sisi tulipimwa mpaka macho.

2018 kulitokea kashfa kubwa, walisema hesabu ya wakimbizi imeongezwa majina hewa, chakula na pesa vinaliwa. Wafadhili wakakasirika. Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR wakaanza kuhesabu upya nchi nzima, kutoka Machi mpaka Oktoba, vidole vyote kumi na macho mawili. Hesabu ilikuwa kama milioni 1.4 ikashuka ikabaki kama milioni 1.1. Magazeti yakaandika vizuri sana kwamba teknolojia imekamata udanganyifu.

Lakini bana, hebu fikirini. Yale majina hewa nani aliyaandika? Walioandika walikuwa ofisini, waliopimwa macho ni sisi kwenye foleni. Sikusikia kama wa ofisini walipimwa chochote.

Na hiyo wanaita ridhaa. Kuna karatasi inasema unakubali kwa hiari yako. Mtoto hajala tangu jana, mbele kuna mashine, nyuma ya mashine kuna mahindi. Ukisema sikubali utaenda wapi? Mimi sijasema walitulazimisha, hakuna aliyetushika mkono, tulipanga foleni wenyewe tena kwa kugombania nafasi. Ndo hapo wakili unisaidie, sheria inaita hiyo ridhaa?

Na siku ya mgao mashine ikigoma kusoma vidole unasimama pembeni. Unaambiwa ngoja. Umesimama hapo watu wote wanakutazama kama mwizi, wakati wewe na anayegawa mnajuana kwa jina, anajua mpaka mke wako anaitwa nani, lakini anasema "mfumo haujakukubali".

Nakivale_Basecamp

Nimesahau ya laini. Zamani mkimbizi hakuweza kusajili laini maana NIN hana. Tulikuwa tunamlipa raia atusajilie kwa jina lake. Wengine walikuwa watu wazuri. Wengine ukishaingiza pesa ya kuuza mbuzi wawili anaenda kwa kampuni, "nimepoteza laini yangu", anapewa mpya yenye namba yako na pesa yako ndani. Utamshtaki vipi? Laini ni yake kwa maandishi. Mwaka 2019 UCC, tume ya mawasiliano, ikaruhusu tusajili kwa kadi ya mkimbizi au ile karatasi ya familia, hapo tukapumua.

Wakili_Mwanafunzi

Ndugu wa Nakivale swali lako limenishika. Kwa sheria yetu ridhaa inatakiwa itolewe kwa uhuru na mtu awe ameelezwa akaelewa. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kukusanya bila ridhaa kama ni kazi ya serikali iliyoamriwa na sheria nyingine, usalama wa taifa na mengine. Mlango wa nyuma ni mpana kuliko wa mbele. Wewe ni mahindi, mama mdogo wa Mzee ni 25,000, Dada wa Ntinda ni kuweka pesa yake mwenyewe. Katika hizo zote aliyesaini hakuwa na pengine pa kwenda.

Fundi_Simu

Nami niongeze la simu maana ndo kazi yangu. Kila wiki hawakosi watu wanaoleta simu wanasema "fundi nifutie hii programu ya mkopo". Zile apu za kukopa elfu hamsini dakika tano. Ukiifungua mara ya kwanza inaomba kontakti, picha, meseji, mahali ulipo, na mtu mwenye shida ya ada ya mtoto anabonyeza kubali kubali kubali. Akichelewa siku mbili wanaanza kuwapigia watu waliomo kwenye simu. Bosi wake, mama mkwe, mchungaji, mpaka yule fundi bomba aliyemsevu mara moja. "Mwambie fulani alipe deni, ni mwizi." Kuna dada mmoja mwalimu kakaa kwenye stuli yangu analia, meseji imeenda kwa wazazi wa wanafunzi.

Namwambia kufuta apu sasa hivi hakusaidii kitu, kontakti zilishaondoka siku ya kwanza.

Kenya kamishna wao wa data alizipiga faini kampuni za namna hiyo mwaka 2023 kwa kusumbua watu ambao hata hawakukopa. Mwaka huo huo Google nao wakakataza apu za mikopo kwenye duka lao kugusa kontakti na picha, kuanzia mwisho wa Mei. Wajanja wakahama, sasa unatumiwa linki WhatsApp uishushe nje ya duka. Sisi hapa wakopeshaji wako chini ya UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo, mtu ajifunze kuuliza kama wana leseni kabla hajabonyeza.

Boda_Stage_Kawempe

Na VPN fundi, zile apu za kupita mtandao ukifungwa, sema VPN

Fundi_Simu

Eeh hiyo nayo. Facebook ilifungwa Januari 2021 kabla ya uchaguzi, watu wakajaza simu VPN za bure, na hata 2018 walipoleta ile kodi ya mitandao ya kijamii (OTT) ya shilingi 200 kwa siku ilikuwa hivo hivo. Mtu anamkimbia wa hapa nyumbani asimuone, anaenda kupitisha kila kitu kwa kampuni ambayo hajui hata iko nchi gani, kwa sababu ina picha ya sungura na ni ya bure. Nawauliza wateja, huyo sungura anakula nini kama ni bure? Wanacheka wanaondoka.

Bosi_Kikuubo

Haya, mi nabaki na moja. Kamera. Baada ya Kaweesi, yule mkubwa wa polisi, kuuawa 2017 sote tulilia tunataka kamera, zikaja za Huawei, mradi wa dola milioni 126. Wezi wa pikipiki wamekamatwa kwa kamera, nimeshuhudia kwa macho yangu. Hilo nalo mtalipinga?

Boda_Stage_Kawempe

Mi boda, sipingi kamera, mwenzetu mmoja stage kwetu aliuawa kwa ajili ya pikipiki kabla hazijawekwa. Lakini Novemba 2020 polisi wenyewe walisema walitumia kamera hizo hizo kutafuta waliokuwa kwenye maandamano. Kwa hiyo kamera inamuona mwizi na inamuona na anayepiga kelele, na anayechagua leo tumtafute nani sio wewe Bosi. Nyie wa Kikuubo mkigoma kufungua maduka kwa ajili ya kodi kama mnavyofanyaga mtajua.

Bosi_Kikuubo

😅 Hapo umenigusa pabaya.

Gulu_Mjini

Kuna upande mmoja hamjaugusa. Mi nimefanya kazi ya data hapa Gulu, kampuni siitaji. Unakaa mbele ya kompyuta, zinakuja picha za barabara za nchi za watu, unachora boksi kuzunguka gari, boksi kuzunguka mtu anayevuka, boksi kuzunguka taa, ili gari lao lijifunze kujiendesha. Kivuli ni cha gari au ni cha mti? Mtu nusu yake iko nyuma ya nguzo, unaanzia wapi boksi? Ukikosea pikseli kadhaa inarudi. Nimechora maelfu ya watu wanaovuka kwenye zebra na magari yanasimama kabisa kuwasubiri, halafu jioni natoka mimi kuvuka barabara hapa mjini nakimbia kama sungura wa fundi.

Hiyo yangu ilikuwa afadhali. Nairobi kuna wenzetu waliokuwa wanasoma maneno machafu ya ubakaji na mauaji kuifundisha ChatGPT isiyaseme, gazeti la Time liliandika Januari 2023 kwamba walikuwa wanalipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Kwa hiyo mtu akisema "akili mnemba imejifunza yenyewe" mi nacheka peke yangu.

Ninachotaka kusema, data inatoka kwetu mara mbili. Kwanza tunatolewa kama Mama Floti anavyowaandika wateja, halafu tunaajiriwa kuisafisha.

Mama_Floti

Jamani nimekuwa nikisoma huku nahudumia watu. Sasa nisikilizeni na mimi, maana naona wengi mnadhani ile buku ni ya kwangu, kwamba napenda kujua umri wa Dada wa Ntinda.

Mteja akitoa pesa kwangu, kampuni ya simu inajua. Inajua namba yake, jina lake, NIN aliyosajilia laini, saa, kiasi, na kwamba ni kwa kibanda changu. Kila kitu kiko kwa seva yao sekunde ile ile. Mi naandika tena kwa mkono kitu ambacho wao tayari wanacho. Kwa nini?

Kwa sababu siku kukitokea kesi, wao hawatanipa ile ya kwenye seva. Kuna wakati mtu alikuja na simu ya kuibwa, PIN anayo, kitambulisho anacho, katoa milioni moja na laki mbili. Mwenye simu akaja na polisi. Polisi hawakwenda kwa kampuni, walikuja kwangu. "Buku iko wapi? Aliyetoa ulimuandika?" Nilikuwa nimemuandika, na sahihi yake ipo, na ndo kilichoniokoa nisilale ndani. Jirani yangu wa kibanda cha pili aliyekuwa haandiki alilala siku kadhaa na floti yake (hela ya kufanyia kazi) ikashikiliwa. Yule mkaguzi anayepitia vibanda naye anaanza na hapo hapo, "leta buku", akikuta sehemu ya NIN haijajazwa kuna onyo, na maonyo yakizidi laini ya uwakala inafungwa.

Kwa hiyo ile buku mi naandika nijilinde. Mteja anaona namchunguza kumbe na mimi nachunguzwa. Wenye seva wako juu huko wamekaa vizuri, karatasi ikifungiwa karanga ni kosa la wakala, pesa ikiibwa ni kosa la wakala, na ile ya mitandao kuzimwa nayo ilikuwa hivo hivo. Februari 2016 nilikuwa ndo naanza kazi, siku ya uchaguzi mobile money ikafungwa, watu wanakuja na simu zina hela ndani na hawawezi kununua posho, wananitukana mimi. Wakasema nimeficha keshi.

Wakili_Mwanafunzi

Mama hii uliyoandika hapa ndo hoja yenyewe ya uzi mzima. Kwa macho ya sheria wanaoamua kwamba NIN ikusanywe na iandikwe vipi ni kampuni, wewe unakusanya kwa niaba yao. Jukumu la kwanza ni lao, walipaswa wakupe mafunzo, wakwambie buku inakaa muda gani na inaharibiwaje. Je walikupa hata karatasi moja?

Mama_Floti

Walinipa mwamvuli na fulana.

Mzee_Bombo

😂😂 Mwanangu.

Mi niseme ya vitendo. Nilikuwa karani wa zahanati zamani, tulikuwa na rejista ya wagonjwa na watu wanaandikishwa dirishani, kila mtu anasoma ugonjwa wa mwenzake. Sista mmoja akachukua manila ngumu, akakata dirisha jembamba katikati, upana wa mstari mmoja tu. Unaiweka juu ya ukurasa, mgonjwa anaona mstari wake peke yake, akimaliza unaisogeza chini. Ilitugharimu manila moja na wembe.

Dada_wa_Ntinda

Mzee hiyo ni akili!! Mawakala wote wangekuwa nayo ningeandika namba yangu ya kweli.

Fundi_Simu

Iwekwe na klipu mbili pembeni isiteleze, na mteja asiruhusiwe kuinyanyua.

Mama_Floti

Mzee Mungu akubariki, manila nanunua leo leo. Je NIN naweza kuandika herufi nne za mwisho tu badala ya zote? Mwaka wa mtu usionekane. Nikipata kesi polisi watalinganisha na kitambulisho, nne zinatosha kujua ni yeye.

Wakili_Mwanafunzi

Kwa sheria ya data hiyo ni sawa kabisa, hata ndo inavyotaka, uchukue kidogo kinachotosha. Shida ni mkaguzi wako. Muombe akuonyeshe maandishi yanayosema NIN yote iandikwe kwenye buku la karatasi. Sio kwa mdomo, maandishi. Muulize na buku zilizojaa zinatakiwa zikae muda gani kabla ya kuchomwa.

Nakivale_Basecamp

Na mama ukimuuliza, muulize kwa upole, maana wewe ndo una laini ya kufungiwa, sio wakili.

Mama_Floti

Hilo nalijua baba, nitamkaribisha soda kwanza. Anapitaga mwanzo wa wiki. Zile buku za zamani nimeziingiza kwenye gunia nimezifunga, haziendi kwa muuza karanga wala sizichomi mpaka nipate jibu, nisije nikachoma kumbe kuna kesi inakuja.

Gulu_Mjini

Mawakala wengine mlioko humu, wa Arua, Mbarara, Busia, kama kuna mwenye barua au waraka wowote wa kampuni unaozungumzia kaunta buku, upigeni picha muutupie hapa. Fichani jina lenu na namba ya uwakala kabla hamjautuma.